Neno "Nafasi"

Fungueni madaftari. Leo tutajifunza neno moja tu, nalo ni NAFASI.

Pale Feri mnunuzi akisema, "Niwekee dagaa ndoo moja," muuzaji huuliza, "Ndoo ipi, mama? Kubwa au ndogo?" Asipouliza, ugomvi huzuka wakati wa kulipa. Wavumbuzi nao hupatwa na jambo hilo hilo.

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mtu aliyevumbua kitu kipya, ili wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake kwa muda uliowekwa. Tanzania Bara sheria yake ni ya mwaka 1987, na ofisi yake ni BRELA. Katika hati, mvumbuzi huandika madai, yaani mipaka ya kitu chake, kama mwenye kiwanja anavyoweka mawe ya mpaka. Fundi wa Kariakoo akiandika "jiko lenye matundu ya kutosha," jirani yake atajuaje kwamba amevuka mpaka? Matundu kumi yanatosha? Ishirini je?

Sasa sikilizeni kesi ya Marekani. Kampuni ya Biosig ilikuwa na hataza ya mwaka 1994 ya chombo cha kupima mapigo ya moyo. Mtu hushika mpini kwa mikono miwili, na kila mkono hugusa vipande viwili vinavyopokea umeme wa mwili, vilivyowekwa kwa "nafasi" kati yao. Nafasi gani? Madai hayakutaja kipimo. Biosig iliposhtaki kampuni ya Nautilus, Nautilus ilijibu kwamba neno hilo halina mpaka. Jaji wa kwanza akakubali. Mwaka 2013 mahakama ya rufani ikatengua, ikisema hataza huanguka pale tu neno linapokuwa fumbo lisilofumbulika kabisa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ikakataa kipimo hicho kwa kuwa ni chepesi mno: fundi wa kazi hiyo asomapo hati ni lazima aijue mipaka kwa uhakika wa kutosha. Kesi ikarudishwa chini.

Je, Biosig ilishindwa? La. Mwaka 2015 majaji wa rufani waliisoma hati tena, wakaufikiria mkono wenyewe. Mkono mmoja sharti uguse vipande vyote viwili; basi nafasi haiwezi kuzidi upana wa mkono. Wala haiwezi kuwa ndogo hata vipande viwili viwe kama kimoja. Mpaka ukaonekana. Maneno "isiyozidi upana wa mkono" yangeandikwa tangu mwanzo, gharama ngapi zingeokolewa!

Zoezi. Andikeni upya sentensi hii ili jirani aijue mipaka: "Jiko langu lina matundu ya kutosha."