Mianzi Michanga Hulishwa na Mizee

Mkulima hupanda mahindi, akalala, akaamka, wala hawezi kusema kwa yakini kwamba jana yalikuwa mafupi kuliko leo. Mwembe ndio zaidi: huenda aliyeupanda akazeeka kabla ya kukaa katika kivuli chake. Lakini uko mmea mmoja ambao mtu mwenye subira ya siku mbili tu aweza kuuona ukikua, nao ni mwanzi. Kila mvua kubwa inapoanza, kichaka cha mianzi kilichopandwa kando ya nyumba au ukingoni mwa mto huonyesha ajabu ambayo wengi huipita asubuhi na jioni bila kuitazama. Tena katika ajabu hiyo mna faida na hasara. Maana asiyeielewa aweza kukiharibu kichaka chake kwa panga la siku moja, na kukirudisha kukamchukua miaka.

Wakati wa kuchipuka

Katika nchi za baridi kama Japani, mianzi mingi ya bustani hungoja baridi iishe na udongo upate joto, ndipo ichipuke, mwezi wa Aprili na wa Mei. Nchini Kenya, ambako hakuna majira ya namna hiyo, kinachongojewa ni maji. Mvua ndefu za Machi na Aprili zikisha kuulowesha udongo barabara, macho yaliyolala chini huamka.

Dalili ya kwanza ni ndogo sana. Udongo hupasuka kidogo, na katika ufa hutokea ncha kali mfano wa pembe ya ndama. Ncha hiyo imefunikwa kwa magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, na mengi yana vinyweleo vinavyowasha vidole vya mtoto mdadisi. Kwa mianzi ya vichaka, kama ule wa kijani au wa manjano uliotoka Asia na kuenea sana pwani na katika bustani za bara, chipukizi hutokea karibu na mianzi mingine, kwa kuwa mashina yake yaliyolala chini ya udongo ni mafupi. Mianzi ya Japani hutambaa mbali chini ya ardhi, na chipukizi lake laweza kutokea katikati ya njia au hata uani kwa jirani.

Siku hizo za kwanza ni za hatari. Chipukizi ni laini, na mbuzi hulipenda. Mtu apitaye gizani hulivunja kwa mguu bila kujua. Mwenye busara huzungushia kichaka chake miiba tangu mvua ya kwanza, na kuwakataza watu kupita hapo kwa muda.

Unene wa siku ya kwanza

Miti mingi huanza kama ufito, ikanenepa mwaka kwa mwaka. Mwanzi sivyo, kwa kuwa si mti, bali ni wa ukoo wa nyasi, ndugu wa muwa na mtama. Chipukizi hutoka ardhini likiwa na unene ule ule ambao mwanzi utakuwa nao hata siku ya kufa kwake. Likitoka na unene wa mkono, mwanzi utakuwa wa unene wa mkono. Likitoka na unene wa kidole, hakuna mbolea itakayoligeuza kuwa boriti.

Pingili nazo zimo ndani tayari. Mtu akilipasua chipukizi changa kwa kisu, ataziona zimepangwa moja juu ya nyingine, fupi mno, kama darubini ya nahodha iliyofungwa. Kukua kwa mwanzi ni kule kuvutwa kwa darubini: pingili za chini hurefuka kwanza, kisha za juu yake, mpaka zote zimenyooka. Kazi hiyo yote humalizika kwa miezi miwili hadi minne. Hapo mwanzi hukoma kurefuka, wala hautaongeza tena hata inchi moja maisha yake yote. Kinachofuata ni kutoa matawi na majani, na kukomaa ndani kwa ndani kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Kupima kwa kijiti na uzi

Anayetaka kuyahakikisha maneno haya hahitaji chombo cha thamani. Achomeke kijiti kirefu kando ya chipukizi, asije akachoma mizizi, na kila asubuhi na kila jioni afunge uzi mahali ncha ilipofika. Kama nyumbani yuko mtoto ajuaye kusoma rula, apewe kazi hiyo na daftari ya kuandikia. Baada ya juma moja atakuwa amejifunza hesabu na elimu ya mimea pamoja, bila kuchapwa wala kukaripiwa.

Wataalamu nao walianza kwa kupima hivyo hivyo. Katika bustani ya Peradeniya, kisiwani Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka, R. H. Lock aliipima mianzi mikubwa ya huko, na mwaka 1904 akatangaza aliyoyaona: kukua kwake hufuata sana unyevu, na hivyo mianzi hiyo ilirefuka zaidi usiku kuliko mchana. Huko Kyoto, Japani, mwanzi mmoja ulipimwa ukirefuka sentimita 121 kwa saa 24, yaani karibu futi 4. Mtu wa kawaida asitazamie kiasi hicho katika bustani yake. Lakini kuona uzi wa jioni umeachwa chini inchi kadhaa asubuhi si jambo la nadra, mradi mvua haijakatika.

Chakula hutoka wapi?

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Mmea hujitengenezea chakula kwa majani yake ya kijani katika mwanga wa jua. Lakini chipukizi la mwanzi halina hata jani moja la kazi hiyo. Lina magamba tu. Basi kitu kisicho na majani hupata wapi nguvu ya kupanda juu kupita paa la nyumba kwa majuma machache?

Hupata kwa wazee wake. Mianzi iliyotangulia, ile yenye miaka miwili, mitatu na zaidi, ilikusanya chakula tangu mwaka uliopita, ikakiweka katika mashina ya chini ya udongo na ndani ya pingili zake. Chipukizi linapotoka, hutumia akiba hiyo, kama mtoto anavyonyonya kwa kuwa hajaota meno. Ndiyo sababu unene wa machipukizi ni kama taarifa ya hali ya kichaka kizima. Machipukizi manene yasema kwamba wazee wana afya na akiba ni kubwa. Machipukizi membamba yasema kwamba wazee wamekatwa mno, au wamekosa maji.

Mwenye kichaka asifadhaike akiona baadhi ya machipukizi yamesimama kukua, yakageuka rangi, yakaoza. Kwa kawaida si yote yatokayo yatakayoishi. Akiba hugawanywa, na yaliyochelewa hukosa fungu lake. Haya yafaa kuondolewa mapema.

Jaribu la fedha za mara moja

Jambo hili husahauliwa kila mahali ambapo mianzi inatafutwa. Fundi anayehitaji fito huja kwa mwenye shamba na kusema, "Mzee, niuzie kichaka chote, nami nitakulipa leo hii." Ada ya shule yamngojea mzee, na fedha zimo mkononi mwa fundi. Mzee akikubali, panga litapita, na jioni patabaki visiki vitupu. Mvua ijayo machipukizi yatatoka, naam, lakini yatakuwa membamba kama vijiti vya kuegemezea nyanya, kwa kuwa akiba iliyokuwa ndani ya mianzi imekwenda pamoja na mianzi, wala hakuna majani ya kuweka nyingine. Kichaka hicho huhitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa tena mwanzi wa kujengea. Mara nyingi mwenyewe hukata tamaa na kuking'oa.

Jibu lililo bora ni hili: "Fundi, chagua iliyokomaa, na kila mwaka utapata, lakini kichaka chote hapana." Mwanzi uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi, haukosi alama. Magamba yake yamekwisha kuanguka, unga mweupe uliokuwa juu ya ngozi umepotea, rangi imefifia na kuwa na mabaka, na ukigongwa kwa nyuma ya panga hutoa mlio mkavu. Mwanzi wa mwaka mmoja bado unang'aa na mara nyingi una magamba miguuni. Huo ukikatwa ni hasara mara mbili: aliyeununua atauona ukinywea na kuliwa na dumuzi, na aliyeuuza amejinyima mlishaji wa mwaka ujao. Asiyeyaamini macho yake na atie alama ya rangi juu ya mianzi ya kila mwaka, nyekundu mwaka huu, nyeupe mwaka ujao.

Ukataji nao una adabu yake. Usifanywe wakati wa kuchipuka, kwa maana miguu ya wakataji huponda machipukizi, na wazee wako katika kazi ya kulisha. Mwanzi ukatwe chini, juu kidogo tu ya kifundo, kusibaki kikombe cha kukusanya maji ya mvua na kuozesha kisiki.

Wanaokula machipukizi

Wako watu ambao kwao chipukizi ni mavuno yenyewe. Wajapani hulichimba mapema asubuhi, ncha kabla haijachomoza vizuri, wakalichemsha pamoja na pumba za mchele. Karibu zaidi na kwetu, Wagisu wa Mlima Elgon, upande wa Uganda, huyakausha machipukizi ya mianzi ya mlimani kwa moshi, wakayapika kwa karanga. Chakula hicho huitwa malewa na huheshimiwa sana. Katika Iringa na Njombe, nchini Tanzania, wakulima hukata ncha ya chipukizi na kukinga maji yake matamu, ambayo yakichachuka huwa pombe ya ulanzi.

Lakini asiyejua asijaribu kulila bichi. Machipukizi ya aina nyingi za mianzi yana sumu ya namna ile iliyomo katika muhogo mchungu, na hapana budi kuyachemsha vizuri na kuyamwaga maji yake. Tena watu hao wote wajua sharti moja: chipukizi lililoliwa au kugemwa halitakuwa mwanzi tena. Huchagua la kuchukua na la kuacha, maana wakichukua yote, baada ya miaka michache hakutakuwa na wazee wa kuyatoa mengine.

Somo la milimani

Mwanzi wa asili wa Kenya huota hasa kati ya futi 8,000 na futi 10,000, katika Nyandarua, Mau, Mlima Kenya na Elgon. Huko ndovu na nyati huyatafuta machipukizi wakati wa mvua. Na katika milima ya Virunga, mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, hata sokwe wakubwa wa mlimani huingia katika mianzi majira yake yafikapo. Mnyama hula akapita, na msitu hubaki. Binadamu alikata pasipo kuchagua, hata mwaka 1986 Serikali ya Kenya ikapiga marufuku ukataji wa mianzi katika misitu yake. Mwaka 2020 mwanzi uliandikwa rasmi miongoni mwa mazao ya kilimo ya nchi, na hivyo ukapata heshima ya kupandwa na kutunzwa shambani kama chai au kahawa.

Haya yote yampa mwenye kichaka kidogo kando ya nyumba yake neno la kufikiri. Ahitajiye fito za uzio, ngazi, vikapu au kibanda cha kuku, na apande mianzi yake mwenyewe, aitunze, na aivune kwa zamu. Mvua zikianza, atoke asubuhi na watoto wake, awaonyeshe ncha inayopasua udongo, kisha awaonyeshe na mianzi mirefu iliyosimama kuizunguka, awaambie ni nani anayemlisha nani. Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Kichaka cha mianzi ni shahidi wa maneno hayo, na panga lililo mikononi mwa mwenyewe ndilo litakaloamua kama mwakani kutakuwa na ushahidi huo au visiki tu.