Mbona Simu Yako Inajua Wewe ni wa K'Ogalo? Kutana na Broka Anayechuja Habari

Jumapili mchana, uko kwa mat ukienda tao, Gor wanafunga Ingwe bao. Kabla dere hajaongeza sauti ya redio, simu yako ishalia: bao! Beshte yako mmekaa kiti kimoja, apu ni ile ile, lakini yeye ni wa Man U tu na simu yake imenyamaza tuli. Sasa nani aliiambia inyamaze?

Ni broka. Si wale wa Marikiti wa kukuongezea bei ya nyanya. Huyu ni programu inayokaa katikati. Upande mmoja kuna wenye kutoa habari, kama msee anayeingiza matokeo ya mechi. Upande ule mwingine ni sisi tuliojiandikisha. Hizi pande mbili hazijuani. Mtoaji hajui kama mko kumi ama milioni. Anamrushia broka habari, anaendelea na shughuli zake.

Ukitaka kuona maisha bila broka, enda stage yoyote. Makanga anapiga nduru "Githurai! Githurai!", kila mtu anasikia, hata yule wa Rongai. Kuchuja ni kazi ya masikio yako. Hapo stage ni sawa, nduru ni ya bure. Kwa simu, kila nduru inakula bando na chaji.

Hii shida ni ya kitambo. Mwaka wa 1999, Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper walitengeneza MQTT, lugha ya kuongea na broka, juu walikuwa wanafuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, na setilaiti ni doh. Ilibidi ujumbe uwe mdogo kabisa. Kufika 2011, Facebook wakaiweka kwa Messenger ndio isimalize betri za watu.

Venye inafanya kazi ni rahisi. Kila habari inapewa anwani yenye ngazi, kama mechi/kenya/gor/bao. Ukijiandikisha hapo, unapata hiyo tu. Ukiweka alama ya + mahali pa timu, yaani mechi/kenya/+/bao, unapata mabao ya timu zote za Kenya. Alama ya # inakaa mwisho na inafagia kila kitu kilicho chini: mechi/kenya/# inakuletea mabao, kadi, sabu, yote.

Kuna mabroka wengine wanaangalia hadi maelezo ya ndani, mfano "nyumba Roysambu, rent chini ya 15,000." Ni poa, lakini kukagua kila ujumbe ni kazi nyingi kwa broka kuliko kusoma anwani tu.

Sasa kama unajifunza kukodi, hapa kwa # ndo ngori iko. Niliwahi kutengenezea chama cha familia kaapu. Kila deni lilikuwa na anwani yake, mkopo/ halafu jina la mtu. Kwa uvivu, nikaandikisha kila simu kwa mkopo/#, nikisema apu yenyewe itaficha madeni ya wengine. Kwa skrini kila kitu kilikuwa safi. Lakini madeni ya ukoo mzima yalikuwa yanaingia kwa kila simu, yamefichwa tu na rangi. Binamu yangu mmoja anayependa kuchokora simu akayapata. Kufika jioni, kikundi cha WhatsApp cha familia kilikuwa kinawaka moto.

Kurekebisha kulichukua kama dakika ishirini. Nilimpa broka sheria: kila mtu aingie na nywila yake, na asikubaliwe kusoma anwani yoyote isipokuwa ile yenye jina lake. Hata ukiomba mkopo/#, hupati kitu. Manze, ningefanya hivyo siku ya kwanza. Uncle yangu bado huniuliza ni nani mwingine aliona deni lake, na mimi bado hujifanya sijasikia swali.