LEHEMU IFAAYO KWA SHABA YA PAMPU

Pampu ya kunyunyizia kahawa ikivuja, hasara si ya dawa peke yake. Dawa hutiririka mgongoni na mikononi mwako, nayo ni sumu. Na ikiharibika katika wiki ya kunyunyiza, ugonjwa haukungoji wewe.

Huku Tabaka na pande zote za Kisii, ambako wenyeji walianza kupanda kahawa katika miaka ya 1930, ziko pampu nyingi ambazo vichwa na vifereji vyake ni vya shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Vipande hivyo vyaweza kuungwa tena, lakini kwanza chagua lehemu ifaayo.

Lehemu laini ni mchanganyiko wa bati na risasi. Ukiona imeandikwa 60/40, maana yake sehemu 60 ni bati na 40 ni risasi. Huanza kuyeyuka kwa joto la digrii 183 za Selsiasi, na kwa digrii 190 hivi imekwisha kuwa maji. Hupenya upesi katika nafasi nyembamba. Kwa hiyo yafaa vipande vidogo. Ile ya 40/60 hubaki kama uji mpaka karibu digrii 235. Hiyo huziba nafasi pana, lakini vipande vidogo haivifai.

Lehemu ya fedha ni ngumu zaidi. Ile yenye fedha sehemu 55 katika 100 huyeyuka kati ya digrii 620 na 660 hivi. Itumie penye kuvutwa, kupindwa au kusukumwa kwa nguvu, kama mkono wa pampu. Lakini angalia: shaba ya manjano yenyewe huyeyuka karibu na digrii 900, basi moto ukizidi utapoteza kipande chote. Tena kataa lehemu ya fedha yenye kadimi, maana moshi wake huua.

Kabla ya kazi, suuza pampu mara tatu kwa maji safi, ukiyamwaga shambani, si mtoni. Toa mipira na ngozi zote. Sugua shaba mpaka ing'ae, kisha pakaa dawa ya kulehemu: maji ya zinki kwa lehemu laini, boraksi kwa lehemu ya fedha. Pasha moto shaba, wala si lehemu. Shaba ikiwa moto vya kutosha, lehemu itakimbilia yenyewe ndani ya kiungo. Usiweke kipande juu ya jiwe letu la Tabaka, kwani jiwe zito hunyonya joto; tumia kipande cha tofali kikavu. Fanya kazi hii nje penye upepo, na ukimaliza osha kiungo, kwa sababu maji ya zinki yakibaki hula shaba.

Mambo mawili usiyafanye kamwe. Usilehemu chombo cha maji ya kunywa wala cha chakula kwa lehemu yenye risasi. Risasi hudhuru akili za watoto. Na usilehemu tangi linalobeba shinikizo la hewa. Lipeleke kwa fundi mwenye ujuzi, au nunua jingine.

Mwisho, jaza maji matupu, piga pampu, utazame kiungo. Kikiwa kikavu, ndipo utie dawa.