Utunzaji wa Heroe na Ujamaa Wao

Heroe, ambaye wengi humwita korongo kwa kuwa miguu na shingo zao ni ndefu vile vile, ni ndege wa maziwa ya magadi. Katika nchi zetu, ziwa Natron ndilo mazalio makuu ya heroe wadogo. Lakini wako pia heroe wafugwao katika bustani za wanyama ng'ambo, na kwa hao twajifunza mengi ambayo ni shida kuyaona mtu akisimama ukingoni mwa ziwa.

Jambo la kwanza ni chakula. Rangi ya waridi ya heroe hakuzaliwa nayo. Kinda hutoka yaini na manyoya meupe au ya kijivu, na wekundu humjia baadaye kutokana na mwani na vidudu vya majini alavyo. Heroe walipofugwa bila vyakula hivyo walipauka mpaka wakawa weupe. Ndipo watunzaji wakawatilia karoti na vitu vingine vyenye asili ya rangi hiyo.

Jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi, ni wingi wa wenzi. Heroe wachache hawazai kwa urahisi. Huko Hialeah, Florida, ambako heroe walitoka Cuba, walizaa katika ufugo mwaka 1937. Kabla ya kuzaa, kundi zima hucheza: hutembea kwa safu, hugeuza vichwa huku na huku, hukunjua mbawa. Kisha hujenga viota vya tope, na kila jike hutaga yai moja. Baba na mama pia humlisha kinda maziwa mekundu yatokayo kooni. Kwa sababu hiyo, bustani nyingine zenye heroe wachache zimesimamisha vioo, ili ndege wajione kuwa wengi.

Tena heroe huchagua rafiki. Paul Rose na mwenziwe waliwachungua heroe wa Slimbridge, Uingereza, tangu 2012 hata 2016. Waliona kwamba ndege wale wale walisimama pamoja mwaka baada ya mwaka, wala si mume na mke tu. Na wengine walikwepana daima.

Basi yafaa kufikiri kabla ya kumhamisha mmoja. Umri wao ni mrefu: heroe wa Adelaide, Australia, aliyekufa mwaka 2014, alikadiriwa kupata miaka 83 au zaidi. Alimwacha mwenziwe mmoja tu, wa jamii nyingine ya heroe, naye akaishi bila mwenzi mpaka 2018, akiwa heroe wa mwisho katika nchi hiyo. Wengi wa ndege hawa hukatwa ncha ya ubawa wasiruke. Akiisha kunyimwa anga, heroe hana budi kuachiwa kundi lake. Na bustani isiyoweza kufuga kundi ni afadhali isifuge kabisa.