Kuyaelewa Majibu ya Kipimo cha Herpisi



Mwezi Desemba mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza makadirio mapya kuhusu ugonjwa wa herpisi, yaani yale malengelenge yatokayo katika sehemu za siri. Kwa mujibu wa makadirio hayo, watu wapatao milioni 846 wenye umri kati ya miaka 15 na 49 wanaishi na maambukizo hayo, ikiwa ni zaidi ya mtu mmoja katika kila watu watano, na kila mwaka watu wengine wapatao milioni 42 huambukizwa. Wengi wao hawana dalili yoyote, au wanazo dalili ndogo mno hata hawazitambui. Kwa kuwa ni hivyo, mtu aweza kudhani kwamba dawa ya jambo hili ni kila mwananchi kwenda kupimwa damu. Lakini sivyo, na sababu zake zinafaa kuelezwa, maana karatasi ya maabara isiyoeleweka imekwisha kuleta ugomvi katika nyumba zilizokuwa na amani.

Tuchukue mfano wa mtu anayejiandaa kuoa. Huenda katika maabara ya binafsi mjini, hutoa damu, akapewa karatasi iliyoandikwa kwamba herpisi ipo. Daktari wa kwanza humwambia kwamba ni mgonjwa na aanze kumeza dawa. Wa pili huitazama karatasi na kusema kwamba haithibitishi kitu. Wa tatu humwuliza ni nani aliyemwagiza kupima ilhali hana kidonda. Ndugu huyo hurudi nyumbani akiamini kwamba madaktari hawaijui kazi yao. Maoni yetu ni kwamba daktari wa pili na wa tatu wamesema maneno ya maana, ila hawakuwa na muda wa kuyafafanua, na mgonjwa asiyefafanuliwa hujitafutia maana yake mwenyewe.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba virusi vya herpisi ni vya aina mbili. Aina ya kwanza, ambayo maabara huiandika HSV-1, kwa kawaida ndiyo iletayo vile vipele vya majimaji pembeni mwa midomo mtu anapopatwa na homa. Watu wengi huipata utotoni, kwa kubusiwa na jamaa zao. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao bilioni 3.8 walio chini ya umri wa miaka 50 wanayo. Aina ya pili, HSV-2, huambukizwa hasa kwa kujamiiana, nayo ndiyo iletayo sehemu kubwa ya malengelenge ya sehemu za siri, ingawa aina ya kwanza nayo huweza kufika huko. Basi mtu akisoma kwenye karatasi yake kwamba HSV-1 ipo, ameambiwa kwamba yeye ni kama walimwengu wengine wengi. Na karatasi isiyotenganisha aina hizo mbili, bali iliyoandika herpisi kwa jumla, haifai kumtia mtu hofu wala kumpa faraja.

Jambo la pili ni kwamba kipimo cha damu hakivitafuti virusi vyenyewe. Hutafuta kingamwili, yaani zile chembechembe ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na virusi. Ni kama mfugaji anayetazama nyayo karibu na zizi asubuhi. Nyayo humwonyesha kwamba mnyama alipita, lakini hazimwambii alipita usiku gani wala alitokea upande gani. Na mara nyingine nyayo za mbwa hudhaniwa kuwa za fisi. Isitoshe, kingamwili huchukua muda kujitokeza. Kwa watu walio wengi huonekana kabla ya kutimia wiki 12 tangu kuambukizwa, kwa hiyo aliyepimwa wiki ya pili akaambiwa hana kitu, hajaambiwa lolote la uhakika.

Kingamwili zinazotafutwa ni za namna mbili, IgG na IgM. Zamani ilidhaniwa kwamba IgM huonyesha maambukizo mapya. Kwa upande wa herpisi dhana hiyo imeachwa, kwa kuwa IgM huweza kuonekana tena ugonjwa wa siku nyingi unapojirudia, na wala haitofautishi vizuri aina ya kwanza na ya pili. Miongozo ya kitabibu ya Marekani ya mwaka 2021 yasema wazi kwamba kipimo hicho kisitumike. Hata hivyo bado kuna maabara zinazokiuza, na yako majumba ambamo mke ameshutumiwa kwa sababu ya herufi hizo tatu.

Hebu sasa tuitazame IgG, ambayo ndiyo yenye manufaa, kwani hapo ndipo lilipo fumbo lenyewe. Katika vipimo vingi vya namna hiyo mashine hutoa tarakimu. Ikiwa chini ya 0.9, jibu huitwa hasi. Ikiwa kati ya 0.9 na 1.1, jibu halieleweki. Ikizidi 1.1, maabara huandika kwamba ugonjwa upo. Lakini mwenye 1.4 na mwenye 9 wote huandikiwa neno lile lile, ilhali hali zao ni tofauti kabisa. Miongozo hiyo ya mwaka 2021 yasema kwamba tarakimu isiyozidi 3 ithibitishwe kwa kipimo cha pili cha namna nyingine, kwa maana sehemu kubwa ya majibu hayo madogo huwa si ya kweli.

Wataalamu wa Marekani walifanya hesabu ambayo ni rahisi kuifuata. Tuseme watu 10,000 wasio na dalili wamepimwa, na kwamba kati yao 1,500 wana virusi vya aina ya pili. Kipimo kitawakamata 1,485 miongoni mwa hao, jambo ambalo ni zuri. Lakini wamebaki watu 8,500 wasio na virusi, na kipimo hicho hicho kitawakosea 1,445 kati yao na kuwaita wagonjwa. Kwa hiyo karibu nusu ya wote walioambiwa wanao ugonjwa, hawana. Kwa sababu hiyo jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa nchini humo lilitoa ushauri mwaka 2016, likaurudia mwaka 2023, kwamba watu wasio na dalili wasipimwe ovyo herpisi kwa damu. Daktari anayekataa kumwandikia kipimo mtu mzima asiye na kidonda hamfichi kitu. Anamwepusha na hesabu hiyo.

Pengine msikilizaji atauliza: hayo ni ya Marekani, je, huku kwetu? Ni kweli kwamba mahali ambapo virusi vimeenea zaidi, jibu la ndiyo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa la kweli. Lakini upo upande wa pili. Watafiti waliochunguza damu za watu wa Rakai hapa Uganda, wakachapisha matokeo yao mwaka 2008, na wale waliochunguza damu za vijana wa Kisumu nchini Kenya, walikuta kwamba baadhi ya vipimo vilivyotengenezwa ng'ambo hukosea zaidi katika damu za watu wa huku. Rakai ilionekana kwamba usahihi huongezeka endapo kiwango cha kumwita mtu mgonjwa kitapandishwa juu ya kile alichokiweka mtengenezaji. Sasa ni maabara ngapi mtaani zinazoyajua hayo? Mwananchi ana haki ya kudai aandikiwe tarakimu yake, wala si neno tupu.

Kipimo cha damu kinachoaminiwa kuliko vyote katika kuthibitisha hufanyika katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na hatutazamii mwananchi wa kawaida apeleke damu yake huko. Lakini mwenye jibu dogo aweza kusubiri hadi zitimie wiki 12 tangu siku anayoihofia, apimwe tena, na kama ikiwezekana apimwe kwa kipimo cha kampuni nyingine.

Tuje kwenye ndoa, maana hapo ndipo penye machungu. Virusi hivi vikiingia mwilini havitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu karibu na mwisho wa uti wa mgongo, huweza kukaa kimya miaka mingi, na huweza kuambukiza hata pasipo kidonda. Mtu aweza kuvipata akiwa kijana wa miaka 20, akaoa akiwa na 28, na malengelenge ya kwanza yakamtokea yeye au mkewe akiwa na 40. Hakuna karatasi ya maabara duniani iwezayo kusema ni nani kati yao aliyeanza, wala mwaka gani. Shemeji na mawifi wanaokaa baraza kwa kutegemea karatasi hiyo wanahukumu bila ushahidi.

Dawa ya kuviondoa kabisa virusi hivi haipo, wala chanjo iliyokubaliwa haijapatikana, licha ya yale yanayotangazwa na wauza mizizi sokoni. Iliyopo ni asikloviri, ambayo hufupisha ugonjwa na kupunguza kurudi kwake. Kwa mwenye kuugua mara ya kwanza, Shirika la Afya Duniani limeshauri miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa muda wa siku 10. Herpisi ya aina ya pili humwongezea mtu hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI yapata mara tatu. Ilitumainiwa kwamba asikloviri ingepunguza hatari hiyo, lakini majaribio kwa wanawake wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, yaliyotolewa taarifa mwaka 2008, hayakuonyesha nafuu hiyo. Basi asiimeze mtu akidhani imekuwa ngao. Mpira wa kiume bado unahitajika, ingawa nao haufuniki kila mahali.

Mama mjamzito mwenye historia ya malengelenge, au ambaye mumewe anayo, amweleze mkunga mapema. Hatari kubwa kwa mtoto ni pale mama anapoambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho, na mkunga aliyearifiwa hujua la kufanya.

Kwa yule mwenye kidonda, njia iliyo bora si damu, bali ni kuchukua majimaji ya kidonda chenyewe kwa pamba na kuyapima, kwani hapo hutafutwa virusi vyenyewe na aina yake hujulikana. Pasipo na kipimo hicho, mganga wa kituo cha afya hutibu kwa kufuata dalili, akikumbuka na kaswende, nayo hutibika kabisa. Kidonda kikitokea, mgonjwa aende siku hiyo hiyo au kesho yake, asikipake kitu, kwa maana malengelenge yakianza kukauka virusi hupungua, na jibu la hasi litakalotoka hapo halitakuwa la kutegemewa.