Kisanskriti cha Wakati wa Mswaki
Kila nikibadilisha basi Gandhi Square, hapa Johannesburg, huitazama sanamu ya yule wakili na joho lake. Wengi wanamjua kwa siasa. Mimi humheshimu kwa Kisanskriti. Shuleni Rajkot kilimshinda, siku moja akahamia darasa la Kiajemi, mwalimu akamrudisha. Gita yenyewe aliisoma kwanza London, tena kwa Kiingereza, akaona haya. Mwaka 1903, ameshapita miaka 30, ana ofisi na wateja hapa mjini, alibandika beti ukutani akawa anazikariri akipiga mswaki, dakika 15 kila asubuhi. Alifikisha sura 13 kati ya 18.

Wanangu hunijibu kwa Kiingereza. Juzi nimebandika methali bafuni. Mdogo ameshauliza, "Mama, kuchelea ni nini?"