Kuchora kwa Penseli Umbo la Mwanamke Kazini

Katika madaftari mengi ya watoto mama ni yule yule: duara la kichwa, pembetatu ya gauni, vijiti viwili vya miguu. Mtoto huchora analolijua, wala si ajabu. Hatari huanza pale mwalimu anapomchora mama huyo huyo ubaoni ili darasa zima limnakili.

Twapendekeza mwanachuo aanze na mgongo. Miteremko ya Kilimanjaro haikosi mifano: mama apandaye na tita la majani ya ng'ombe kichwani, ashukaye na mkungu wa ndizi kwenda sokoni, apaliliaye chini ya migomba. Mwenye mzigo hunyoosha shingo, na uzito wake hushuka wima hadi kwenye nyayo. Apaliliaye mgongo wake huwa tao, nyonga zikiwa juu kuliko kichwa. Mstari huo mmoja uchorwe kwanza, kwa wepesi. Ndipo zifuate nyonga, mabega na nyayo. Khanga huja baadaye, kwani mikunjo yake huufuata mwili. Uso waweza kuachwa.

Mholanzi Vincent van Gogh, aliyepata kuwa mwalimu msaidizi huko Ramsgate, Uingereza, mwaka 1876, alijizoeza vivyo hivyo. Alipokaa The Hague alipenda penseli nene ya seremala, kifaa ambacho hata shule maskini yaweza kukipata. Mwaka 1885, kijijini Nuenen, aliwachora kwa chaki nyeusi wanawake wakulima wakiinama kuvuna, wengine wakionekana kwa nyuma tu. Uzito wa kazi wasomeka viunoni mwao.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, kisha shule ya sanaa ya Slade, London. Hata hivyo watu katika picha zake za rangi ni wa maumbo sahili, wadogo kati ya migomba. Wapo wanaomtaja ili kukwepa zoezi la penseli. Sisi hatukubaliani nao: usahili wa Ntiro ni wa mtu aliyeijua kazi ya kijijini kwake, si wa asiyetazama.

Mwanachuo asimchore mtu kwa kuvizia. Amwamkie mama, aombe ruhusa, na mwishoni amwonyeshe karatasi. Yeye ndiye ajuaye kama mzigo umekaa sawasawa. Darasani wanafunzi wapokezane kusimama na kikapu kichwani, kila mchoro dakika tano, vifutio vikiwa mezani kwa mwalimu.